Paa Lililogeuzia Jua Mgongo

Ukungu uliondoka siku ya mwisho, wakati hakuna aliyekuwa akiuombea tena uondoke.

Tangu timu ya kujitolea ifike katika kijiji kile cha mlimani, jua walilisikia tu kama habari za mgonjwa wa mbali: wanaambiwa yupo, lakini hawamwoni. Walifunga fremu ndani ya ukungu, wakapandisha paneli za sola ndani ya ukungu, wakavuta nyaya hadi chumba cha kujifungulia huku wamevaa masweta mawili mawili. Betri zilipochelewa kujaa, kila mtu aliulaumu ukungu, na ukungu, kama mtu mpole, haukujitetea.

Asubuhi ile ukapasuka. Ilipofika adhuhuri, mbingu ilikuwa buluu tupu na mabati ya zahanati yalikuwa yakimetameta.

Bisibisi alikuwa kileleni mwa paa, amejifunga mkanda wa usalama, akikaza bolti za mwisho. Jina hilo alipewa na baba yake, fundi redio, enzi zile alipokuwa mtoto wa kufungua kila chenye skrubu ndani ya nyumba na kushindwa kukifunga. Sasa alikuwa mwanamke mzima, fundi wa sola katika kampuni yenye heshima, na jina lilikuwa limemng'ang'ania hadi kazini. Joto la jua lilimgusa kisogo. Akafumba macho, akatabasamu. Alikuwa amelisahau joto hilo.

Alipoyafumbua, tabasamu likamfia mdomoni.

Kivuli chake mwenyewe kilikuwa kimelala juu ya paneli.

Aligeuka akalitazama jua. Akarudi kuzitazama paneli. Zilikuwa zimepangwa safi, zimenyooka kama madawati ya darasa, na zote kwa pamoja zilikuwa zimeligeuzia jua mgongo.

Kule kwao, paneli huelekezwa kaskazini. Hilo fundi halifikirii. Mkono huenda wenyewe, kama mkono wa mtu unavyoijua swichi ya chumba chake gizani. Lakini kuja hapa walikuwa wamevuka ikweta, tena wakaenda mbali zaidi. Hapa jua la adhuhuri hukaa kusini. Na yeye, mkuu wa kazi ya paani, siku ile ya kwanza ya ukungu alitazama dira, akanyoosha mkono kaskazini na kusema, "Upande huu." Watu wazima wote, na vyeti vyao, wakaitikia.

"Mungu wangu," alinong'ona. "Nimefanya nini?"

Msimu wa baridi ulikuwa unabisha hodi. Muuguzi wa zahanati alikwisha kumweleza ulivyo: jua linashuka, linajikokota chini chini upande wa kusini kama mzee mwenye maumivu ya mgongo. Paneli hizi hazitalipata ila kwa kuchungulia.

"Bisibisi!" sauti ya kaka yake ilipanda kutoka uani. "Shuka! Gari likija hatutakusubiri kama bibi harusi!"

"Si ndiye bibi harusi mwenyewe, Msimamizi?" alidakia Mhasibu wa timu, na wote wawili wakacheka.

Alishuka ngazi polepole.

Kaka yake alikuwa amechutama akipanga vifaa sandukuni. Yeye ndiye aliyekuwa msimamizi wa timu. Tumbo moja, kampuni moja, na safari hii hata nyumba moja ya kulala. Kampuni ilipotangaza kwamba inataka wafanyakazi wa kwenda ng'ambo kujitolea, baba yao alimruhusu Bisibisi kwa sharti moja tu: kaka yake aende naye. "Wewe ndiye macho yangu," mzee alimwambia mwanawe wa kiume. Na macho hayo yalifanya kazi vizuri mno.

"Mbona umekunja uso?" Kaka aliuliza bila kuinua kichwa.

"Kaka, lile paa..."

"Paa limekwisha. Nimepiga picha, nimetuma ofisini, wamefurahi. Oga ubadili nguo. Shangazi amesema usishuke kwenye ndege na suruali ya kazi. Kuna watu watakuja uwanjani."

"Watu gani?"

"Bwana mwenyewe. Anakuja kukupokea."

"Nani kamwalika?"

"Mtu anaalikwa kumpokea mchumba wake?"

"Mchumba wa nani? Mimi nilisema nikirudi tutazungumza."

"Basi mtazungumza njiani kutoka uwanjani. Jumamosi wazee wake wanaingia kwetu, na Baba ameshapaka nyumba rangi."

Mhasibu, mtu wa makao makuu aliyejitolea kwa moyo mweupe na kutumia safari nzima akihesabu bolti na kuziogopa ngazi, alimwonea huruma. "Mwache dada wa watu apumue, Msimamizi. Mimi siku ya kuoa nilijifungia chooni mpaka mjomba akataka kuvunja mlango. Leo nina watoto wanne, na choo bado ndicho kimbilio langu."

Bisibisi hakucheka. Alikuwa amefungua kinywa kusema, na maneno yalikuwa yamejipanga tayari: *Kaka, nimekosea upande.* Lakini kabla hayajatoka aliyasikia kwa masikio ya kaka yake, na alipoyasikia hivyo, yakanuka uongo.

Maana juzi jioni Kaka aliingia chumba cha kujifungulia akitafuta koleo, akamkuta dada yake na yule muuguzi wamesimama chini ya taa mpya, mikono yao imeshikana, na waya waliosema wanaupima uko chini sakafuni. Kaka hakupiga kelele. Alichukua koleo lake, akasema, "Jumamosi si mbali," akatoka.

Sasa leo, gari likiwa njiani, yeye aseme kwamba paa zima lazima lifumuliwe? Kwamba timu ibaki wiki nyingine, na Jumamosi ipite? Nani atamwamini? Angekuwa yeye ndiye anayeambiwa, angeamini? Na akinyamaza, ataondoka akiwa ameliacha giza limefungwa kwa bolti mpya juu ya vichwa vya wanawake waliompikia chai kila asubuhi. Kusema ni hila. Kunyamaza ni dhambi. Alijiona kama mtu aliyeupigilia mlango misumari akiwa upande wa ndani.

Akafunga kinywa, akaenda kumtafuta Muuguzi.

* * *

Alimkuta kwenye chumba cha dawa, anafuta friji ya chanjo kwa kitambaa ingawa haikuwa na vumbi. Alikuwa mrefu, mwenye sauti ya chini na mikono isiyo na haraka. Ujana wake alikwenda kusomea uuguzi katika nchi iliyopakana na kwao Bisibisi, akarudi na cheti na lugha, na lafudhi iliyomchekesha Bisibisi siku ya kwanza kabisa. Kijiji kizima ni yeye peke yake aliyeweza kuzungumza na wageni. Ndipo yalipoanzia. Bibi vizee walikuwa wakisimama chini wakisema kitu, naye anamfikishia aliye paani.

"Fundi! Wanauliza, wanaume wa kwenu wamekwisha hata mwanamke apande paa?"

"Waambie wapo, ila wanaogopa urefu!"

Akawaambia, nao wakamgeukia Mhasibu aliyeikumbatia ngazi, wakacheka mpaka wakashikana mabega. Kuanzia hapo Bisibisi alikuwa akingoja maneno ya bibi vizee kama mtu anavyongoja redio itaje jina lake. Baada ya siku kadhaa alianza kushuku kwamba mengine bibi vizee hawakuyasema kabisa.

"Wanasema fundi akikunja uso anapendeza," alimfikishia siku moja.

"Wamesema hivyo?"

"Mmoja wao."

"Yupi?"

"Amekwisha kwenda zake," alisema, akitazama pembeni.

Sasa Muuguzi alimwona mlangoni, akaacha kufuta.

"Umekuja kuniaga."

"Nimekuja kukuambia kitu."

"Anza na kuniaga. Hicho kingine nitakisikia nikiwa nimekaa."

"Usinifanyie mzaha leo, tafadhali."

Muuguzi aliisikia sauti yake ilivyo, akaketi kweli, juu ya sanduku la glavu. Bisibisi akamweleza. Hakupamba. Ikweta, dira, kaskazini, mkono wake. Alipomaliza, Muuguzi alikikunja kile kitambaa mara mbili, kisha mara ya tatu.

"Msimu wa baridi itakuwaje?"

"Friji itazima. Taa ya kule ndani itawaka kidogo jioni, kisha itafifia mpaka iwe nyekundu kama kaa."

"Na umejua lini?"

"Sasa hivi. Ukungu ulipoondoka."

"Sasa hivi." Alilirudia neno hilo taratibu. "Siku ya gari."

"Ndiyo. Siku ya gari."

"Fundi, nataka kukuuliza, na usikasirike."

"Nimeshakasirika. Uliza."

"Ni kweli, au ni kwa ajili yangu?"

Bisibisi alihisi damu inampanda usoni. Kaka yake kumshuku, alikwisha kujitayarisha nalo. Hili hakuwa amelitayarishia mahali moyoni.

"Hata wewe?"

"Mimi hasa," alisema. "Mimi ndiye ninayeomba kila asubuhi kitu kikuzuie hapa. Niliomba daraja libomoke. Niliomba dereva apate mafua. Sasa kitu kimekuja, nami nakiogopa. Kule ndani kuna mama anayetarajia kujifungua wakati wowote, na wengine wanamfuata. Sitaki tumbo la mtu liwe kisingizio chetu. Hata kama nakupenda."

Ilikuwa mara ya kwanza kulitamka neno hilo waziwazi, na alilitamka katikati ya ugomvi, kama mtu aliyeangusha sahani. Walitazamana. Kwa muda ule mfupi hapakuwa na paa wala gari. Palikuwa na macho mawili yaliyochoka yakimwangalia kana kwamba yanamkariri asije akamsahau.

Bisibisi akamshika mkono wa koti, akamvuta nje mpaka katikati ya uwanja.

"Jua liko wapi?"

"Lile pale."

"Na paneli zangu zinatazama wapi?"

Muuguzi aliinua kichwa. Alitazama jua, akatazama paa, kisha akalitazama tena jua, taratibu, kama anavyosoma kipimajoto. Mabega yakamshuka.

"Nisamehe," alisema.

"Sina nafasi ya kukusamehe sasa. Niambie nifanye nini."

"Nenda zako."

"Unasemaje?"

"Nenda, Fundi. Ukisema, watakuita mwongo, na jina hilo litakufuata mpaka kazini. Mimi nimezalisha watu kwa tochi mdomoni miaka yote hii. Meno yangu yamezoea. Nenda kwa baba yako, mzungumze. Mimi sitasema kitu."

"Ajabu yenu!" Bisibisi alimwachia mkono kwa nguvu. "Kaka yangu anasema nenda, Shangazi anasema njoo, na wewe uliyesema unanipenda, chai haijapoa, unasema nenda! Nyote mnanifungulia mlango uleule mmoja. Hakuna hata mtu mmoja aliyeniuliza kama nataka kutoka!"

Muuguzi alifumba macho.

"Nikikuuliza," alisema, "nitasikia jibu. Kisha gari litakuja na litakuchukua wewe na jibu lako, na mimi nibaki hapa na friji. Siwezi kuondoka hapa, unajua. Nikiondoka, hakuna mwingine. Kwa hiyo naogopa kuuliza. Huo ndio ukweli, na si wa kishujaa."

* * *

Mtandao wa simu kijijini pale ulipatikana mahali pamoja tu: kwenye benchi la wagonjwa lililoegemea ukuta wa zahanati. Kila aliyepiga simu aliketi pale, na kila aliyepita alisikia. Kaka alikuwa ameketi hapo, simu mkononi, Mhasibu pembeni yake juu ya sanduku la vifaa, Bisibisi alipokuja na kusimama mbele yao. Muuguzi alibaki hatua chache nyuma, kwenye mlango wa zahanati.

"Kaka, sikiliza mpaka mwisho, halafu useme unalotaka. Paneli zimetazama upande usio wake. Nilielekeza kaskazini kama kwetu. Hapa ni kusini. Kosa ni langu. Lazima tuzihamishe."

Mhasibu aliacha mdomo wazi, akainua macho kulitazama jua, kisha akageuza shingo kulitazama paa.

Kaka hakutazama juu.

Hapo ndipo Bisibisi alipoelewa. Fundi anayeambiwa kwamba paa lake limekosewa hutazama paa. Hawezi kujizuia.

"Ulijua," alisema.

Kaka alikuwa akisugua kioo cha simu kwa kidole gumba.

"Kaka. Ulijua."

"Jumapili," alijibu hatimaye. "Ukungu ulipopungua kidogo asubuhi. Nikaona mwanga unatokea nyuma."

"Na ukanyamaza! Ukanipandisha paani kukaza bolti za kitu unachojua hakifai!"

"Ningefanya nini?" Alisimama, na sauti ikapanda naye. "Ningesema, ungebaki! Nilimwahidi Baba nitakurudisha. Kisha nakuja kukukuta na kijana wa watu, mmeshikana mikono eti mnapima waya! Nikasema moyoni, bora nirudi mwenyewe mwezi ujao, nije na mafundi wengine, nizigeuze kimyakimya. Wewe ukiwa umekwisha kuolewa."

"Mwezi ujao baridi itakuwa imeingia," alisema Muuguzi kutoka mlangoni, polepole.

"Hujaulizwa wewe!"

"Najua sijaulizwa. Friji ndiyo inayouliza."

"Jamani, jamani," Mhasibu alisema akiinua mikono yote miwili. "Tuketi. Tusiwe kama mkutano wa bodi."

Simu ikalia mkononi mwa Kaka. Akaipokea kwa haraka akidhani inamwokoa, kumbe ni Shangazi, na Shangazi hakuhitaji spika ili asikike na uwanja mzima.

"Mmefika wapi? Mmepanda gari?"

"Bado, Shangazi. Kuna... kuna jambo la kazi kidogo."

"Kazi gani tena? Si mlisema mmemaliza? Hebu nipe huyo mwenzako."

Bisibisi akaichukua.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba. Wewe mtoto, mbona sauti yako imepauka? Umekula? Nimekushonea gauni, nimeacha nafasi kiunoni maana sijui huko wanakulisha nini. Halafu sikiliza: bwana ameuliza kama ukishaolewa utaendelea kupanda mapaa, nikamwambia hapana, ni mambo ya usichana hayo, yatakwisha. Amefurahi sana. Kijana mstaarabu, hana makuu."

"Shangazi, siji leo."

Shangazi hakuwa mtu wa kuomba neno lirudiwe, lakini aliomba.

"Rudia."

"Nimekosea kazi. Paneli nimezielekeza vibaya, lazima nibaki nizirekebishe."

"Aaa! Kazi! Unanidanganya mimi niliyekuogesha? Kaka yako amekwisha kuniambia! Kuna mganga huko!"

"Muuguzi, Shangazi."

"Mganga, muuguzi, wote wanashika watu mapigo ya moyo! Ati paneli! Tangu lini fundi mzima akakosea jua? Jua ni moja!"

Bisibisi alimrudishia Kaka simu. Ilikuwa kama alivyojua itakuwa. Ukweli wake mwenyewe, aliousema kwa kinywa chake mwenyewe, ulikuwa umemrudia umevaa nguo za uongo.

Kaka aliiziba simu kwa kiganja, akamsogelea. Sauti yake sasa ilikuwa ya chini, karibu ya upole, na upole huo ulimtisha Bisibisi kuliko kelele.

"Sikiliza, mdogo wangu. Kuna njia. Nitamwambia Baba kosa ni langu. Mimi nimekosea dira, mimi msimamizi. Mimi wataniamini. Jumamosi itasogezwa wiki moja, tutabaki wote, tutageuza paa hili vizuri, zahanati ipate mwanga wake. Hakuna atakayekuita mwongo."

"Na halafu?"

"Halafu unarudi, unaolewa, na huyu bwana," alielekeza kidevu mlangoni, "humtaji tena. Si kwangu, si kwa Baba, si kwa mtu. Paa kwa hilo. Nadhani ni haki."

Mhasibu alijikuta anatazama viatu vyake. Ilikuwa nafasi nzuri. Hata mtu wa hesabu aliona ni nzuri. Kila mtu angepata chake. Mama aliyekuwa chumba cha ndani angepata taa. Baba angepata heshima yake. Bisibisi angepata wiki moja ya kumtazama mtu akiwa chini ya ngazi, wiki nzima, kisha basi.

Alimtazama Muuguzi. Muuguzi hakutikisa kichwa, si kwa ndiyo wala kwa hapana. Alikuwa ameuma mdomo wa chini kama mtu aliyeshika tochi.

Msomaji, kuna watu ambao wakibanwa hulia, na wengine wakibanwa husema uongo. Bisibisi alikuwa wa aina ya tatu. Akibanwa sana, alianza kutenganisha vitu, kama alivyozitenganisha redio za baba yake: hiki huku, hiki huku, tuone kipi kimeungua.

"Nipe simu," alisema. "Shangazi, mpe Baba."

"Baba yako anapumzika."

"Nimesikia akikohoa hapo hapo. Mpe Baba, tafadhali."

Palipita mvutano mdogo, mkwaruzo wa kiti, kisha pumzi aliyoijua.

"Bisibisi."

"Baba. Nina mambo mawili, na sitaki uyachanganye. La kwanza ni la kazi."

"Sema la kazi."

"Nimefunga paneli zimetazama kaskazini, kama kwetu. Huku jua liko kusini. Sikufanya makusudi. Nilishika dira bila kufikiri nimesimama wapi."

Mzee alipozungumza, aliyezungumza ni fundi redio.

"Fremu zinahamishika?"

"Zinahamishika. Matundu ya mabati nitayaziba."

"Uyazibe vizuri, mvua isiwanyeshee wagonjwa. Ni kosa la kijinga."

"Ni la kijinga, Baba."

"Kosa la kijinga linarekebishwa na aliyelifanya. La pili?"

Bisibisi alihisi Kaka amesimama kwa nyuma yake, karibu, akingoja. Alihisi pia mlango na aliyesimama humo. Benchi lile halikuwa na mahali pa kujificha.

"La pili, hata paa hili lingekuwa sawa, hata lingetazama jua moja kwa moja, nisingemkubali yule kijana wa Jumamosi. Usiniachie paa liwe sababu. Kuna mtu huku. Ni muuguzi. Nampenda, na hawezi kuondoka hapa, na sijui tutafanyaje. Sina mpango wowote, Baba. Ninao ukweli tu."

Simu ilivuma kwa upepo wa mbali. Shangazi alikuwa anasema kitu kule, na mzee akamnyamazisha.

"Hilo la kwanza unasema linarekebishika," alisema.

"Ndiyo."

"Na hilo la pili?"

"Hilo la pili, Baba, halirekebishiki."

Alimsikia baba yake akipumua. Alimsikia kwa muda mrefu, akaona kama anaiona nyumba, rangi mpya ukutani, viti vimesogezwa kwa ajili ya wageni.

"Jumamosi nitawaambia hupo," mzee alisema hatimaye. "Zaidi ya hapo sina la kuwaambia. Na wewe pia, kwa leo, sina la kukuambia."

Simu ikakatika.

Bisibisi aliirudisha kwa kaka yake.

Honi ikasikika bondeni. Gari lilikuwa likipanda, na vumbi lake likionekana vizuri katika mwanga ule mpya. Mhasibu alisimama, akapangusa suruali.

"Mimi nitakwenda," alisema kwa haya. "Kwa ngazi zile sina msaada. Lakini ofisini nitasema niliyoyaona kwa macho yangu: jua liko kusini. Atakayebisha aje apande." Alimpa Bisibisi mkono, kisha akampa na Muuguzi, akaushika wa Muuguzi muda mrefu kidogo kuliko ilivyohitajika.

Kaka alilitazama gari. Alilitazama sanduku la vifaa alilokuwa amelipanga kwa uangalifu asubuhi nzima. Halafu akachutama, akalifungua, akaanza kutoa spana moja baada ya nyingine na kuziweka chini kwa kishindo.

"Nabaki kwa ajili ya paa," alisema bila kumtazama dada yake. "Si kwa ajili yako. Usinisemeshe."

"Sawa, Kaka."

"Nimesema usinisemeshe."

Alitupa mkanda begani, akazunguka nyuma ya zahanati kwenda kukata umeme wa betri.

Wakabaki wawili. Muuguzi alitoka mlangoni, akaja mpaka alipokuwa Bisibisi, akasimama bila kumgusa, maana kwenye dirisha la wodi nyuso kadhaa zilikuwa zimejipanga, na hakuna aliyehitaji kutafsiriwa.

"Usifurahi," Bisibisi alimwambia. Machozi yalikuwa yamefika, naye alikuwa anayapigania. "Nakuomba, usifurahi bado. Sina kwetu pa kurudi kwa leo."

"Sijafurahi. Nimeogopa."

"Nini?"

"Hujaniambia bado kama unataka kutoka. Umemwambia baba yako, umemwambia kaka yako, umeuambia uwanja mzima. Mimi sikuthubutu kukuuliza. Sasa nakuuliza."

Bisibisi alijifuta uso kwa kiwiko, akakaza mkanda wake kiunoni tundu moja zaidi. Gari lilikuwa limekwisha kusimama langoni. Dereva alipiga honi tena, mara mbili, akachungulia nje kuona nani anakuja.

"Kashike ngazi," Bisibisi alimwambia.

Naye akaenda akaishika, kwa mikono yote miwili.